Ndoo ya Machicha ya Kukhu Nanyama

Nasambu alizoea kuamka jogoo wa jirani akiwika mara ya pili. Alijifunga leso, akateka maji kisimani, akafagia kiwanja, kisha akainjika sufuria ya uji mekoni. Uji ulipoanza kutokota, alimwamsha mdogo wake Mukhisa kwa kumvuta kidole cha mguu, maana kumwita jina hakukusaidia kitu.

Kazi iliyomchosha kuliko zote ilikuwa ya mwisho. Alibeba ndoo tupu hadi kwa Mama Wakonyo, mwendo wa dakika kumi hivi, akarudi nayo imejaa machicha. Mama Wakonyo alipika busaa. Alipomaliza kuichuja pombe yake kwa gunia, makapi ya unga na kimea yaliyobaki ndiyo hayo machicha, na aliwapa majirani bure wakalishe mifugo. Nyanya yao alikuwa na nguruwe jike mkubwa, na nguruwe huyo alikuwa amekataa chakula kingine chochote.

Nyanya huyo aliitwa Nanyama, lakini wajukuu walimwita kukhu, kama watoto wa Kibukusu wanavyowaita nyanya zao. Waliishi naye karibu na Mabanga, nje ya mji wa Bungoma. Mama yao, Roselyne, aliuza nguo za mitumba Kitale, na chumba alichopanga kule mtaa wa Tuwan hakikutosha watu watatu. Alikuja kuwaona mwisho wa mwezi, akiwaletea viatu ambavyo mara nyingi vilikuwa vikubwa kidogo.

Kukhu Nanyama hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kulinda Vijana. Kamati hiyo iliundwa mwanzoni mwa mwaka wa 2005, baada ya kijana mmoja wa kidato cha pili kuokotwa mtaroni asubuhi, amekunywa chang'aa, pombe kali ya kienyeji, na macho hayaoni tena. Tangu siku hiyo kukhu na wenzake walitembea nyumba kwa nyumba. Wauzaji wa chang'aa walionywa, na waliorudia walipelekwa kwa naibu wa chifu. Kukhu akikutana na kijana mwenye chupa, hata ikiwa ni ya dawa ya kikohozi, alimnusa kwanza ndipo akamsalimia.

Kwa Mama Wakonyo kamati ilikuwa haijafika. "Yule anapikia wazee tu," kukhu alisema. "Wazee ni watu wazima, wanajijua."

Basi asubuhi moja ya mwezi wa Juni, baada ya mvua ya usiku kucha, kuni zilikuwa zimelowa. Nasambu alipuliza mpaka machozi yakamtoka, moto ukakataa katakata kushika. Mukhisa, aliyekuwa na miaka minane na akisoma darasa la pili, alisimama mlangoni akilia njaa.

"Nyamaza, bana! Si unaona napuliza?"

"Mimi nasikia njaa! Nitaambia kukhu hujanipea uji!"

Ndoo ya machicha, ambayo siku hiyo Nasambu aliileta kwanza akitumaini kuni zitakauka, ilikuwa pale pale karibu na mlango, ikitoa mvuke. Nasambu alichota kiganja kimoja akampa, ili anyamaze tu. Mukhisa alitafuna, akakunja uso, akatafuna tena. Kisha akanyoosha mkono aongezewe.

Nasambu naye alionja kidogo. Yalikuwa na uchachu uliompanda puani. Akatema. Lakini Mukhisa alinyamaza, wakafika shuleni mapema, na mwalimu wa zamu hakuwachapa kiboko.

Kesho yake kuni zilikuwa zimekauka, lakini Nasambu hakuwasha moto. Aliona kwamba bila uji angeweza kulala nusu saa zaidi. Yeye mwenyewe aliweza kuvumilia hadi saa nne, akanunua andazi getini kwa shilingi alizoachiwa na mama. Mukhisa alikula machicha yake njiani huku akiruka madimbwi. Mambo yakawa hivyo siku ya tatu, na ya nne, mpaka wiki tatu zikapita. Kukhu hakujua. Saa hizo alikuwa shambani tangu alfajiri, na jioni alikuta sufuria safi akadhani imeoshwa.

Mukhisa alibadilika polepole, na anayekaa na mtoto kila siku si rahisi kuona. Alianza kucheka ovyo. Alipigana na watoto wenye miili mara mbili yake. Jumamosi kukhu alipopika uji wa wimbi mwenyewe, Mukhisa alisukuma bakuli, uji ukamwagika. "Huu hauna ladha," akasema. Kukhu alimfinya sikio, akamwambia mtoto anayechagua chakula atakula mawe.

Jumatatu moja Mwalimu Viola, aliyefundisha darasa la pili, aliwakuta watoto watatu wamelala juu ya madawati saa tatu asubuhi. Mmoja alikuwa Mukhisa. Wengine walikuwa rafiki zake, Simiyu na Barasa. Aliwaamsha, wakaamka wakicheka. Mwalimu aliinama karibu na mdomo wa Mukhisa, akainuka haraka.

"Mtoto huyu ananuka pombe!"

Saa nne, wakati wa mapumziko, habari ilikuwa imezunguka shule nzima. Saa sita ilikuwa imefika sokoni. Jioni iliingia kwa kukhu Nanyama, naye aliketi kwenye kigoda kama mtu aliyepigwa rungu.

"Mjukuu wangu! Mjukuu wa mwenyekiti! Ni nani amempa?" Akamshika Mukhisa mabega. "Sema, ni nani?"

Mukhisa alitazama chini. "Hakuna."

"Umekula nini leo?"

"Mandazi," akasema Mukhisa. Na hilo halikuwa uongo, maana Nasambu alimgawia kipande cha andazi lake.

Kwa jibu hilo la neno moja, lawama yote ikamwangukia mtu ambaye hakuwa na habari.

Mandazi ya getini yaliuzwa na Kipkemboi, mtu mpole wa kutoka miteremko ya Mlima Elgon. Alikuwa amehamia Bungoma mwaka mmoja na nusu uliopita akitokea Kitale. Aliweka kibanda cha mabati, akakaanga mandazi, akauza na peremende kwenye mtungi wa kioo. Binti yake, Chepchumba, alikuwa darasa la sita. Aliketi dawati moja na Nasambu, na hata penseli waliikata katikati wakagawana.

Maneno yalianza kidogo kidogo. Mmoja alisema mgeni huwezi kumjua moyo. Mwingine alisema amesikia redioni kwamba siku hizi kuna peremende zinazopakwa dawa za kulevya. Kufikia Jumanne, watu walikuwa wakisimulia kana kwamba wamemwona Kipkemboi kwa macho yao akikoroga bangi kwenye unga.

Jumanne hiyo hiyo, Nasambu alipokuwa akimtafutia Mukhisa daftari la hesabu, alikuta karatasi ya nailoni ndani ya mkoba wa mtoto huyo. Ilikuwa imefungwa fundo. Alipoifungua, uchachu ule wa machicha ukampanda puani.

"Mukhisa, hii ni nini?"

"Ni ya Simiyu na Barasa," mtoto akajibu bila wasiwasi. "Wananipea kalamu, mimi nawapea machicha. Inafanya kichwa inazunguka kama pia. Ni tamu!"

Nasambu aliifunga tena ile nailoni. Alielewa yote kwa mara moja: usingizi, vicheko, ugomvi, uji uliomwagwa. "Hutakula tena, unasikia? Hata kidogo!"

"Ukininyima," akasema Mukhisa, "nitaambia kukhu ni wewe ulinipea. Wiki tatu. Na nitamwambia hupiki uji."

Nasambu aliitupa ile nailoni chooni. Kesho yake alipika uji, akamsimamia Mukhisa mpaka akaumaliza, huku mtoto akisonya kila funda. Nasambu alijiambia kwamba mambo sasa yamekwisha. Hakuna haja ya kumwambia mtu.

Lakini mambo yalikuwa hayajakwisha. Alhamisi, wavulana wa darasa la saba walimzunguka Chepchumba karibu na mfereji.

"Chepchumba, niaje? Leo babako ameweka nini kwa mandazi?"

"Niletee mbili, bana, nilale hisabati yote!"

"Mandazi stimu! Mandazi ya kulewesha!"

Chepchumba hakulia. Alijaza maji yake, akawapita. Walipoketi darasani, alizungumza huku akiangalia kitabu.

"Jana baba aliuza mandazi sita. Sita tu, siku nzima. Kesho kuna mkutano wa kamati hapa shule. Akifukuzwa, tunarudi Kitale, kwa baba mdogo Nehemiah. Ana chumba kimoja huko Tuwan, na wao wenyewe ni watu sita."

"Utaacha shule katikati ya muhula?"

"Sasa nitafanyaje?" Chepchumba akageuka. "Nasambu, kukhu yako ndiye mwenyekiti. Wewe unamjua baba. Si umwambie hawezi kufanya kitu kama hicho?"

"Nitamwambia," Nasambu akasema.

Jioni alijaribu. Alikaa karibu na kukhu wakichambua mboga, akafungua kinywa mara mbili. Mara ya kwanza kukhu alikuwa anahesabu watakaohudhuria mkutano. Mara ya pili alisema, "Nikimpata aliyempa mtoto huyu pombe, hata awe nani, nitamtangaza mbele ya watu wote." Nasambu alifunga kinywa, akaendelea na mboga. Alizichambua vibaya hata kukhu akamuuliza kama ni mgonjwa.

Ijumaa saa tisa, mkutano ulifanyika katika darasa la nane. Wazee walijibana kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yakagota juu. Wanafunzi wa darasa la sita, la saba na la nane walisimama ukutani, kwa sababu kamati ilitaka wasikie. Kukhu Nanyama aliketi mbele na kitambaa chake cheupe cha kanisa kichwani. Kando yake alikaa katibu, Mzee Makokha, na Bwana Rotich, mwalimu wa kilimo ambaye naye alikuwa mwanakamati. Nje, vijana wawili walisubiri na nyundo pamoja na mtaimbo wa kung'olea mabati.

Kipkemboi aliitwa mbele. Alikuja na beseni la mandazi.

"Mama mwenyekiti, wazee wangu," alisema, "mimi sina maneno mengi. Haya ni mandazi niliyopika leo." Akachukua moja, akalila mbele yao taratibu mpaka likaisha. "Nimekula mandazi yangu mwaka mmoja na nusu. Kuna aliyeniona nimelewa?"

"Labda ya kwako ni ya sufuria ingine!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. Watu wakacheka.

"Mtoto alisema mwenyewe alikula mandazi," akasema Mzee Makokha. "Sasa tutamwamini nani, mtoto ama mfanyabiashara?"

"Lakini watoto mia mbili hula mandazi hayo," akasema Bwana Rotich. "Mbona wamelewa watatu?"

"Ati tungoje walewe wote?" Mzee Makokha akamjibu, na watu wengi wakaitikia kwa kichwa.

Kukhu Nanyama alisimama. "Mimi simchukii mtu," alisema. "Lakini niliapa kuwalinda watoto wa hapa, na wa kwangu ni mmoja wao. Anayetaka kibanda kiondolewe leo, ainue mkono."

Mikono ikaanza kuinuka. Nasambu alimtazama Chepchumba aliyesimama mkabala naye. Rafiki yake hakuwa akiitazama mikono. Alikuwa akimtazama Nasambu, akingoja.

"Kukhu, ni mimi!"

Nasambu mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake. Mikono ilibaki hewani.

"Wewe nini?" kukhu akauliza. "Rudi ukutani, hii ni kazi ya watu wazima."

"Ni mimi niliyempa Mukhisa. Si mandazi. Ni machicha, yale ya nguruwe. Kuni zilikuwa zimelowa, nikampa kidogo anyamaze. Halafu nikaendelea, kwa sababu sikutaka kuamka mapema kupika uji. Yeye akawapelekea Simiyu na Barasa ndani ya nailoni." Alimtazama Chepchumba. "Nilijua tangu Jumanne. Nikaogopa."

Kukhu aliagiza Mukhisa aletwe. Mwalimu Viola alitoka, akarudi amemshika Mukhisa mkono. Mukhisa alipoulizwa mbele ya watu anapenda kula nini, alijibu bila kupepesa macho, "Machicha." Akaongeza kwamba Barasa bado ana deni lake la kalamu moja.

Mtu mmoja alicheka, akajizuia.

"Lakini machicha si pombe!" kukhu akasema kwa nguvu, akiwageukia watu. "Ni makapi. Pombe inakuwa imechujwa, imeenda na wanywaji. Mimi mwenyewe nalisha nguruwe kila siku!"

Watu wengi waliguna kukubali. Wengi wao pia walikuwa wakilisha mifugo machicha, na baadhi yao waliwahi kuwatupia watoto kidogo wakati wa njaa bila kufikiri mara mbili.

Bwana Rotich aliuliza kwa upole, "Mama, nguruwe wako akishakula, hufanya nini?"

"Hulala. Nguruwe si ndiyo kazi yake?"

"Hulala mpaka saa ngapi?"

Kukhu akafikiri. "Mpaka saa saba. Saa nane."

"Na alipozaa, watoto walikuwaje?"

Kukhu alihesabu kwa vidole. "Walikuwa tisa. Watano aliwalalia usiku wa kwanza. Walipiga kelele mpaka mimi nikaamka, lakini yeye hakuamka."

"Nguruwe anayejua watoto wake husikia wakilia," akasema Bwana Rotich. "Wako hakusikia kwa sababu alikuwa amelewa. Gunia halikamui pombe yote, mama. Nyingine inabaki ndani ya machicha, na yakikaa kwenye ndoo yanazidi kuchacha. Ikiwa yanamlaza mnyama mzito hivyo, fikiria mtoto wa darasa la pili, tumbo tupu, asubuhi. Na mtoto akizoea mapema namna hiyo, akifika kidato cha pili atatafuta nini?"

Kila mtu alimkumbuka yule kijana wa mtaroni.

Kukhu Nanyama alivua kitambaa chake, akakikunja, akakifunga tena. Kisha alifanya jambo ambalo watu wa pale hawakulitegemea. Aliondoka mezani, akaenda mpaka mbele ya Kipkemboi, akampa mkono kwa mikono miwili.

"Baba Chepchumba, tumekukosea. Mimi ndiye nimekukosea zaidi. Nisamehe."

"Nimesikia, mama," akasema Kipkemboi. Kisha akaongeza, "Lakini msema neno lile la mgeni kutojulikana moyo, naye yuko humu ndani. Ningependa kumsikia yeye pia." Wazee wawili walitazama sakafu. Mmoja wao, baada ya kukohoa sana, alisimama akamwomba msamaha.

Vijana waliokuwa nje waliambiwa warudi nyumbani na mtaimbo wao. Mkutano uliendelea mpaka saa kumi na moja. Waliamua kwamba hakuna mtoto atakayetumwa tena kwenye nyumba inayopika pombe, iwe ni kuchukua machicha, moto au chumvi. Kamati ingemtembelea Mama Wakonyo Jumapili baada ya ibada, na kukhu angetangulia mbele. Halafu mzazi mmoja akasema kwamba watoto waliokula machicha walikuwa na njaa, na njaa haiondoki kwa kufukuza watu. Wakapatana kila nyumba ilete mikebe miwili ya gorogoro ya mahindi na mmoja wa wimbi kila muhula, ili darasa la kwanza hadi la tatu wapikiwe uji shuleni saa nne. Kipkemboi alisema sufuria kubwa anayo.

Mukhisa, Simiyu na Barasa walipelekwa zahanati. Muuguzi aliwapima, akasema wamewahiwa mapema, na akawataka warudi kila wiki kwa mwezi mmoja. Siku chache za kwanza Mukhisa alikuwa mkali kama siafu. Aliumwa kichwa, akaukataa uji, akamtukana dadake. Nasambu alimpikia hivyo hivyo, akakaa naye mpaka bakuli likaisha.

Chepchumba hakuhama. Jumatatu alikaa kwenye dawati lao kama kawaida, lakini alisogeza vitabu vyake upande wake.

"Ulijua tangu Jumanne," alisema. "Alhamisi nilikuuliza."

"Najua."

"Baba hakulala siku tatu."

Nasambu hakujitetea. Ilipita karibu wiki nzima ndipo Chepchumba akamwomba kifutio, naye akampa, na ndivyo walivyoanza kuzungumza tena.

Jioni moja Nasambu alimkuta kukhu nyuma ya nyumba akimwaga machicha ya mwisho shimoni na kuyafukia kwa udongo. Nguruwe alikuwa akipiga kelele kwa hasira, maana alikuwa ameletewa majani ya viazi vitamu.

"Hutanichapa, kukhu?" Nasambu akauliza. Alikuwa amelingoja jambo hilo tangu Ijumaa.

Kukhu alisimama, akaegemea jembe lake.

"Nikikuchapa wewe, mimi nitachapwa na nani? Ndoo nilikupa mimi. Nilipita nchi hii yote nikitafuta chupa, na kila asubuhi nilikuwa nakutuma ulete pombe kwangu. Sikujua, hiyo ni kweli. Lakini pia sikuuliza, kwa sababu machicha yalikuwa ya bure na nguruwe alikuwa ananenepa. Mtu akipata faida mahali, hapendi kuuliza maswali mahali hapo. Kumbuka hilo utakapokuwa mkubwa."

"Ndiyo, kukhu."

"Na lako ni hili. Kumpa mtoto kitu usichokijua kwa sababu ya uvivu ni kosa, na umeliona. Lakini kosa la siku ya kwanza lilikuwa dogo. Lilikua kwa sababu ulilifuga. Ungeniambia Jumanne, ningekasirika Jumanne, na yangekwisha Jumatano. Yule baba angeuza mandazi yake kwa amani." Alichukua jembe, akasawazisha udongo wa mwisho. "Ukiona kitu kinamdhuru mtoto, sema siku hiyo hiyo. Usingoje mkutano."